Skrini ya kijivu yamtia shaka Bi Najiat wa Kwihara

Saa tatu asubuhi, Tabora mjini. Bi Najiat Awadhi anatia mate kidoleni na kusugua pembe ya skrini nyeupe ya projekta iliyotandazwa juu ya kaunta. Anakitazama kidole. Anasugua tena.

"Shikamoo, Bi Najiat," anasema mwenye duka, Zahir.

"Marahaba. Na shikamoo hiyo usiniongezee kwenye bei."

Wateja wanacheka. Yeye hacheki.

Mjane huyu mwenye miaka hamsini na mbili huonyesha filamu na mpira sebuleni kwake, kijijini Kwihara, kwa kiingilio cha shilingi mia tano. Kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe. Sasa picha inaangukia kwenye shuka na wachezaji hawana nyuso. Jirani yake, Yahaya, amenunua runinga kubwa, na mabenchi ya Bi Najiat yanazidi kubaki matupu.

"Ligi ikinikuta na shuka, nimefunga biashara," anasema.

Skrini alikuwa nayo. Aliinunua mwaka jana kwa mchuuzi mwenye pikipiki aliyetokea Nzega, naye akamwonya: mama, hii haifuliwi.

"Hapo ndipo aliponitia shaka," anaeleza. "Kitambaa gani kinaogopa maji? Nikajua anaficha dondo."

Dondo ni ule wanga unaofanya nguo mpya isimame na kung'aa. Kwa Bi Najiat, nguo mpya haipiti mlangoni kabla ya kufuliwa. Basi akailoweka skrini, akaipiga sabuni, akaianika uani. Weupe ukabanduka mabaka mabaka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Yahaya alipopita akauliza kama siku hizi anaanika ramani.

Msomaji usicheke upesi. Kwihara iko kwenye njia ya zamani ya misafara. Wageni hupelekwa pale kutazama tembe, nyumba ya udongo alimokaa mzungu msafiri wa enzi hizo. Nani huwauliza ni mabega ya nani yaliyobeba mizigo yake? Wapagazi walilipwa nguo. Bibi yake Bi Najiat alikuwa akisimulia nguo nzito kama ngozi, zilizopimwa kwa mkono wa mtu mfupi kuliko wote msafarani. Zilipofuliwa mara ya kwanza dondo likatoka, zikawa chujio la togwa. Watu hawakusahau. Kwa nini wasahau?

Zahir anavuta skrini ya pili. Ni ya kijivu.

"Sebule yako mlango uko wazi, kuta za chokaa. Nyeupe inashika kila mwanga unaoingia, picha inafubaa. Chukua hii."

"Kijivu? Zahir mwanangu, hiyo ilikuwa nyeupe ulipoileta. Vumbi la Tabora ndilo lililoipaka."

"Wallahi, imetoka kiwandani hivi hivi!"

"Kiapo nacho cha nini? Nimekuuliza rangi, hukuitwa mahakamani."

Anadai zijaribiwe zote mbili, mlango ukiwa wazi kama kwake. Zahir anazitundika bega kwa bega na kuwasha projekta. Uso wa mwigizaji unatokea. Kwenye nyeupe ni moshi wenye meno. Kwenye kijivu pua inaonekana, na jasho juu ya mdomo linaonekana.

Lakini Bi Najiat hajamaliza. Anazishusha mwenyewe, anazibadilisha nafasi, kisha anazunguka nyuma ya projekta kuchungulia Zahir ameshika nini. Hajashika kitu. Kijivu inashinda tena.

"Haya. Inafuliwa?"

"Mama, utaniua! Unaifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, basi."

"Yule wa pikipiki naye alikuwa na maneno hayo hayo." Anaishika skrini kwa vidole viwili, muda mrefu. "Sitaifua. Ila siondoki na neno lako peke yake."

Sharti lake ni moja: Zahir mwenyewe aende Kwihara Jumamosi, aitundike kwa mkono wake, kisha akae na watazamaji mpaka filamu iishe. Zahir amekubali huku akitikisa kichwa.

Tayari Bi Najiat ametuma watu wakatangaze hadi vitongoji vya jirani. Anataka mabenchi yajae kabla ligi haijaanza, na waliohamia kwa Yahaya anataka warudi.

"Zahir nimemtengea kiti cha mbele kabisa, katikati ya watu," anasema akifunga ushungi. "Picha ikiwa nzuri, atakunywa kahawa na kashata. Ikiwa moshi, atawaeleza wao, si mimi. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni."