Sare Nyekundu za Kwenda Loei

Cate Waceke alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuandika kazini, na sentensi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumtia kichefuchefu.

Ofisi yao ya safari ilikuwa Hurlingham, juu ya duka la dawa, Barabara ya Argwings Kodhek. Cate alikuwa mwandishi wa vijitabu vya kuwatamanisha wateja. Wenzake waligawana Dubai na Zanzibar. Yeye aliachiwa Loei, jimbo la mashambani kaskazini mashariki mwa Thailand, kwa sababu hakuna aliyejua hata kulitamka. Akalipokea kama mtu aliyerithishwa shamba. Kila jioni, akirudi kwao Mutuini, alikuwa na jambo jipya la kumsimulia mama yake, Mama Virginia, aliyekuwa fundi wa nguo na hakuwahi kuvuka mpaka wowote.

Alimsimulia mlima wa Phu Kradueng, ambao kileleni ni tambarare kama meza, na hauna barabara. Unaupanda kwa miguu kutwa nzima, na wapagazi wamebeba mizigo yako kwenye miti mabegani. Ukifika juu ni misonobari, maporomoko ya maji na baridi kama ya Limuru mwezi wa Julai. Alimsimulia mji wa Dan Sai na mnara wake mweupe wa Kibudha, Phra That Si Song Rak, ambao falme mbili jirani ziliujenga zamani sana zikiapa kuwa marafiki.

Mambo haya yote aliyapata kwa Bi Wandee, mwenye nyumba ya wageni huko Dan Sai, rafiki yake wa simu. Kiingereza cha Bi Wandee kilikuwa cha kuokoteza, lakini alijua kutuma picha. Siku moja alimtumia picha ya lango la mnara, na pembeni pameegemezwa mwavuli mwekundu. Cate aliuliza wa nani. Akaambiwa ni wa mgeni aliyeko ndani. Kitu chekundu hakiingii pale, kiwe shati, mkoba au mwavuli. Usiku huo Cate akaandika sentensi yake: “Usiingie hapa na chochote chekundu, kwa kuwa nyekundu ni damu, na mnara huu ulisimamishwa ili damu isimwagike.”

Aliisoma kwa sauti. Mama yake alisimamisha cherehani.

“Hapo umeandika, mami,” alisema.

Halafu akaja Askofu Kuria.

Askofu Kuria alikuwa na kanisa la mabati yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na chaneli ya mtandaoni ambamo mapepo hayakuisha kutolewa. Kila mwaka aliwasafirisha akina mama wa kanisa lake, na Mama Virginia alikuwa mmoja wao. Siku hiyo Askofu aliketi mbele ya meza ya Mbuthia, bosi wa Cate, akila sambusa bila kufunga mdomo. Manukato yake yalimtangulia mlangoni na yangebaki baada yake mpaka kesho. Alikuwa amefungua kijitabu cha Loei. Kidole chake kilichojaa mafuta kilitua juu ya sentensi ya Cate na kuacha doa.

“Hii ndiyo imenibariki,” alisema. “Binti, ni wewe umeandika?”

“Ndiyo, Askofu.”

“Unaona Mungu? Hawa watu wanaogopa damu! Na sisi tuna damu gani? Ya Yesu!” Alicheka, na chembe ya nyama ikaruka ikatua mezani. Hakuna aliyeifuta. “Akina mama wote watavaa nyekundu. Tunaingia, tunauzunguka huo mnara, tunavunja madhabahu ya Shetani, na kamera inachukua kila kitu. Wacha Nairobi ione!”

Cate alimtazama Mbuthia, akitarajia kwamba mtu aliyemwona akijisumbua na Loei kwa miaka miwili angesema neno. Mbuthia alikuwa anatabasamu kwa meno yote.

“Hiyo itavuma sana, Askofu,” alisema.

Mgeni alipoondoka, Mbuthia alimwita. “Cate, ongea na huyo mama yako wa Thailand. Mwambie group yetu itavaa white. Hizo red zitakuwa kwa bag. Wakishaingia, wanabadilisha.”

“Yaani nimdanganye.”

“Si kudanganya bana, ni kupanga safari. Customer anataka picha, mpe picha.”

“Na Bi Wandee je? Ni yeye atawapeleka pale. Majirani zake watamwona ndiye ameleta hayo matusi.”

“Huyo si wa kwenu. Sisi tutakuwa tumerudi.” Mbuthia aliichukua sambusa iliyobaki. “Kesho asubuhi nataka kusikia umemwambia. Ama uniachie hiyo kiti.”

Cate alikwenda msalani akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu. Alinawa mara ya pili. Yale mafuta yalikuwa kwenye karatasi, lakini aliyahisi vidoleni. Angemsamehe mtu asiyejua. Askofu alikuwa amesoma, akaelewa vizuri kabisa kwamba hapo ni mahali pa watu kuapa wasiumizane, na mara tu alipoelewa akajua pa kukanyaga.

Jioni, Mutuini, aliikuta sebule ya mama yake imegeuka nyekundu. Satini nyekundu mezani, satini kwenye makochi, vipande vyekundu sakafuni. Mama Virginia alikuwa cherehanini, amevaa ile sweta yake nyekundu ya miaka yote, iliyotoboka viwiko.

“Usikanyage!” alisema. “Sare za Loei hizo. Askofu amesema nikizishona zote, nafasi yangu ya safari imelipwa. Mimi, Waceke! Kwa ule mlima wako. Unajua leo nimepanda huu mlima wetu wa kwa Thuo mara mbili nikifanya mazoezi? Jirani yetu Nakhumicha ananiuliza kama nimefukuzwa na ng'ombe.”

Cate aliketi juu ya kipande kisichokuwa na pini. Alimwangalia mama yake, uso unang'aa kama wa mtoto aliyenunuliwa viatu, na kwa muda alitamani kunyamaza. Kisha akamweleza yote: mnara, kamera, nguo za kufichwa mabegini.

Mama Virginia hakupenda. “Askofu alisema ni za picha tu.”

“Picha za kuwatukana watu kwao.”

“Sasa wewe unatetea sanamu? Nilikubatiza bure?”

“Sitetei sanamu, Mama.”

“Basi nini? Wale si waumini. Mnara ni mawe.”

Cate akauliza, “Na kaburi la Baba ni nini?”

Cherehani ilinyamaza. Wote wawili waliijua siku ile. Walikuwa wanamzika baba yake Cate pale nyuma ya zizi, akaja mheshimiwa fulani bila kualikwa, na vipaza sauti vyake na vijana wake. Alipanda juu ya udongo mbichi ili aonekane vizuri, akakanyaga maua waliyokuwa wametoka kuyaweka, akaomba kura. Watu wengine walimpigia makofi. Mama Virginia hakupiga. Tangu siku hiyo, kila bango la yule mtu alilokuta kwenye nguzo alilitemea mate, yeye aliyewakataza watoto kutema mate njiani.

“Hiyo ni tofauti,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Haya.”

Mama Virginia aliuokota mkono mmoja wa gauni, akautazama kama anayetafuta kasoro ya mshono. Akauweka. Akaenda jikoni, na Cate akamsikia akigongagonga sufuria ambazo hazikuhitaji kugongwa.

Asubuhi, Cate alimkuta mlangoni na magunia mawili. Satini yote ilikuwa ndani, iliyoshonwa na isiyoshonwa.

“Tafuta mtu wa kutubebea,” alisema. “Na usiniulize kitu.”

Askofu Kuria alikuwa ameshafika Hurlingham, anashuka kwenye gari lake, na Mbuthia amemfungulia mlango kama askari wa hoteli. Mama Virginia aliyaburuta magunia mpaka miguuni pake.

“Nguo zako, Askofu.”

“Ah! Mama Waceke! Zimeisha?”

“Hazijaisha. Tafuta fundi mwingine.”

Askofu alichungulia ndani ya gunia, kisha akamtazama yeye kwa huruma ya kamera. “Mama, umeingiliwa na roho ya woga.”

“Woga unautoa wapi? Wewe ndiye unataka kuficha nguo kwa begi,” alisema Mama Virginia. “Mimi siabudu mnara. Lakini nyumba ya mtu siingii kwa hila, nikamtukania wazee wake halafu nikimbilie ndege. Kama una nguvu hivyo, mwambie kwanza kwamba unakuja kumtukana.”

“Na nafasi yako ya safari?”

“Mpe mwingine.”

Cate alikuwa ameshatoa simu. Alirekodi ujumbe wa sauti kwa Bi Wandee pale pale, Mbuthia akisikia, kwa Kiingereza chao cha kuokoteza: wageni wanakusudia kuvaa nyekundu ndani ya lango, usiwapokee, nisamehe, maneno yangu ndiyo yaliyowapa wazo. Akatuma.

“Umemaliza?” Mbuthia aliuliza. “Basi rudisha funguo.”

Alizirudisha. Alipopanda kuchukua kikombe chake, aliikuta kompyuta yake iko wazi; kumbe Mbuthia alikuwa amefanya usafi wake tangu asubuhi na mapema: sentensi ya mnara haikuwepo, na mahali pake paliandikwa “mandhari safi kwa picha.” Chini, kupitia dirishani, alimsikia Askofu akisema kwamba Bwana amembadilishia njia, wataenda Dubai, kwa kuwa huko nako kuna giza. Alisema hivyo bila hata kuona haya. Dereva wake alikuwa anatia magunia garini. Dubai nyekundu haikatazwi.

Mama na binti walitembea kuelekea kituoni. Cate alikuwa bado anasikia yale manukato kwenye kola ya shati lake. Alitaka kulivua pale pale barabarani alitupe.

Simu ililia. Ilikuwa Bi Wandee. Hakuandika mengi, ila asante, na kwamba nyumba yake ina chumba siku yoyote Cate na mama yake wakiweza. Aliambatisha picha ya Phu Kradueng msimu wa baridi. Mama Virginia aliinyakua simu, akaisogeza mbali na macho, akasimama katikati ya watu.

“Hii miti ina nini? Majani yote mekundu!”

“Huwa hivyo wakati wa baridi.”

“Na huko juu, mtu akiwa na nguo nyekundu wanamkataza?”

“Huko hakuna anayekataza, Mama.”

Aliitazama picha kwa muda mrefu, watu wakimpita na kumsukuma. Kisha akaivuta sweta yake ikaze kifuani, akarudisha simu.

“Basi kesho naenda mlima wa kwa Thuo,” alisema. “Na wewe pia, kwa vile huna kazi.”