Ligi ya Mteremko na Winga wa Kushoto

Kwetu Mwika, huko mlimani, tulicheza mpira wa magongo bila uwanja. Tulikuwa na mteremko. Upande wa juu kulikuwa na kanisa, upande wa chini kulikuwa na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia migomba, na magoli yalikuwa huku na huku katikati yao. Mpira ulikuwa na nia moja tu maishani, kuingia kwenye mfongo. Kwa hiyo mtoto wa kwetu, kabla hajajua Baba Yetu, alishajifunza kwamba ukitaka kumpasia mwenzako aliye mbele yako usimlenge yeye. Lenga kanisani. Mteremko utampelekea.

Magongo yenyewe tuliyakata kwenye mibuni. Mzazi akigundua, gongo lilelile lilibadilishiwa kazi, na mchezaji alikaa siku mbili bila kukaa.

Nilipochaguliwa kuingia sekondari mjini Moshi, shule ya bweni, nilikuta kila mtu amekuja na ligi yake kichwani. Ubishi ulikuwa kwenye foleni ya ugali.

“Nyinyi watu wa migomba,” alisema rafiki yangu wa darasani, Kalasinga ambaye baba yake ana gereji mjini, “mnacheza mchezo gani ambao mpira unaliwa na mfereji?”

“Mchezo wa wanaume,” nikamjibu. “Nyinyi watoto wa lami mmezoea uwanja uliolala kama meza. Hata bibi yangu angefunga hapo.”

“Mlete bibi yako. Tuna upungufu wa mabeki.”

Lazima nikiri kwamba ligi ya mjini ilikuwa na mambo. Walikuwa na magongo ya dukani, walikuwa na wajomba waliowafundisha tangu wakiwa wanatambaa, na walijua sheria zote, jambo ambalo sisi wa mlimani tuliliona kama uoga. Kuhusu ligi ya tambarare, kule mashambani chini ya mji, hatukubishana. Tuliikataa tu. Mwakilishi wake alikuwa kijana mmoja mrefu wa Kahe, mpole, anayekula bila kuongea.

“Kwenu mnachezea wapi?” nilimuuliza siku moja.

“Shambani, wakishavuna. Ardhi imepasuka. Mpira unaruka kama panzi.”

“Sasa mnaupigaje?”

“Hatuupigi kwanza. Tunaukamata,” alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Basi, muhula uliopita mwalimu wa michezo alitangaza kwamba anaunda timu ya shule, na kwamba atakayeingia atasamehewa shamba la Jumamosi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba naupenda sana mchezo. Shule yetu ilikuwa inajitegemea, maana yake ni kwamba sisi ndio tuliotegemewa. Ekari na ekari za mahindi, na jembe langu na mimi hatukuwahi kuelewana. Mwalimu wa kilimo alikuwa akipita kwenye mstari wangu anasimama, anavua kofia, kama mtu aliyefika msibani.

Nafasi zote zilijaa watoto wa mjini, ikabaki moja, winga wa kushoto. Tuliigombea wawili, mimi na yule wa Kahe. Mwalimu akasema tutacheza mechi ya jaribio, kila mmoja timu yake.

Nilianza kwa kujiamini. Mpira wa kwanza nikampasia mwenzangu aliye wazi kabisa. Ukaenda kushoto, ukatoka. Wa pili, kushoto. Wa tatu nikaupiga kwa ufundi wote wa Mwika, ukaenda kushoto ukampata mpishi aliyekuwa anaanika kuni. Nilikuwa nasubiri mteremko uusaidie, na mteremko haukuwepo. Uwanja ulikuwa umelala tu, unaniangalia.

Kipindi cha pili tukabadilishana magoli. Mipira yangu yote ikaanza kwenda kulia.

Mwalimu wa michezo akaniita pembeni. “Kijana, kipindi cha kwanza unakosea kushoto, cha pili unakosea kulia. Macho yako yana shida?”

“Hapana, mwalimu,” akadakia Kalasinga, akielekeza gongo lake kaskazini, Kibo ilikoonekana safi bila wingu. “Tazama. Kila mara anapiga kuelekea mlimani. Anaurudisha mpira kwao.”

Kijana wa Kahe alicheza kama alivyokula. Mpira ulimjia kwa kasi yoyote, ukifika kwenye gongo lake unatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Kisha anaupeleka panapotakiwa. Jioni hiyo jina lake likabandikwa ubaoni, na mimi Jumamosi nikaenda shamba.

Hapo ndipo tulipoona kosa la mwalimu wa michezo. Kijana wa Kahe amekulia kwenye mashamba ya mfereji. Alipokuwa akimaliza mistari mitatu, sisi tulikuwa bado tunatafuta kivuli cha kuanzia. Kumbe nusu ya darasa tulikuwa tunaishi kwa jasho lake. Bila yeye, hadi saa sita shamba lilikuwa kama halijaguswa. Mwalimu wa kilimo alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, mwalimu wa michezo naye akaitwa, nasi tukasogea karibu na dirisha kwa ajili ya elimu.

“Umeninyang’anya trekta,” alimwambia mwenzake wa michezo.

“Ni winga bora niliyewahi kumwona.”

“Ndugu yangu, taifa linakula mahindi. Halili magoli.”

Mkuu wa shule alifikiri. Kisha akauliza ni nani mwingine anayecheza winga, ambaye akiondoka shambani shamba halitahuzunika. Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule, mwalimu wa kilimo alilitaja jina langu kwa furaha.

Hivyo ndivyo nilivyoingia timu ya shule. Kijana wa Kahe alinikabidhi gongo, akachukua jembe. Nilimwambia pole.

“Jembe nalijua,” alisema. “Ila nilitaka kucheza.”

Nikalishika gongo lile kama mtu aliyeokota pochi ya mwenzake.

Jumamosi iliyofuata tulifanya mazoezi, na shamba liko hapohapo kando ya uwanja, upande wa mlimani. Nikapata mpira wangu wa kwanza, nikaupiga. Ukaenda mlimani, ukapotea kwenye mahindi. Kisha nikamwona kijana wa Kahe akigeuza jembe, ubapa mbele, akapiga mara moja. Mpira ukatoka katikati ya mistari, ukakata uwanja, ukampita kipa kabla hajaacha kucheka, ukaingia golini.

Mwalimu wa michezo alitazama goli, akatazama shamba, mwishowe akanitazama mimi.

“Hilo tunalihesabu?” akauliza Kalasinga.

“Niazime kijana wako kwa saa moja tu,” mwalimu wa michezo aliita kule ng’ambo, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Mwalimu wa kilimo alikuwa amesimama katikati ya mahindi, amekunja mikono. “Endelea na mstari wako, kijana,” alisema.

Kijana wa Kahe akaendelea. Mimi nikaletewa mpira mwingine. Nikaliangalia goli vizuri, nikaikumbuka Mwika, nikapiga kuelekea mlimani kwa nguvu zangu zote. Safari hii aliuona ukija, akaweka jembe tayari.