Mafuta ya Mazoezi

Ofisini walimwita Mama Senti, wala hakukasirika. Ikipotea senti moja kwenye hesabu za shirika, hakukaliki. Ataitafuta kwenye risiti za maji ya kunywa, ataitafuta chini ya meza, na akiipata atavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Shirika lenyewe lilikuwa la matibabu, miongoni mwa yale makubwa yenye ofisi nchi nyingi. Lilikuwa na zahanati zilizotawanyika huku na huko, gari la chanjo, na wafadhili ambao kila mmoja alitaka kujua pesa yake imenunua nini. Ya huyu isiguse dawa ya yule.

"Bomba moja la sindano lina baba watatu," Mama Senti alipenda kusema, "na kila baba anataka mtoto afanane naye."

Tabu ilikuwa mwisho wa mwezi. Zahanati moja ilituma jedwali la kompyuta. Nyingine ilituma picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, kivuli cha mkono kimelala katikati ya tarakimu. Na muuguzi wa zahanati ya bondeni, ambako mtandao huja na kuondoka bila kuaga, alipiga simu jioni akasoma matumizi yake kwa mdomo, moja moja, huku mbwa wakibweka nyuma. Yote hayo Mama Senti aliyaandika upya peke yake. Wiki hiyo nzima alifika nyumbani Kibibi amekwisha kulala.

Kibibi alikuwa mwanawe wa kwanza, wa mwaka na kitu. Mchana alishinda na bibi yake mzaa baba, maana baba mtu alikuwa fundi umeme, mtu wa kwenda kazi ziliko. Mwisho wa mwezi mmoja mtoto alisimama akatembea, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye ndoo. Mama Senti alisimuliwa. Alicheka, akamshukuru mama mkwe, akaenda kuoga, na bafuni akakaa kuliko kawaida.

Kwa hiyo makao makuu yalipoagiza kila ofisi ichague programu mpya ya uhasibu, wenzake waliona wameongezewa kazi. Yeye aliona mlango umefunguka. Alitaka kitu kimoja tu: mwisho wa mwezi amkute mtoto macho.

Zililetwa programu mbili. Ya kwanza ilikuwa na rangi, maduara yanayozunguka na michoro inayopanda kama ngazi. Mkuu wa fedha, mgeni aliyejifunza Kiswahili mpaka cha utani, aliipenda papo hapo. Hata dereva, aliyeingia kuchukua funguo, alisimama kutazama.

"Hii imepambwa kama bibi harusi," akasema.

"Bibi harusi tumemwona," Mama Senti akajibu. "Sasa tumpeleke bondeni."

Akachomoa waya wa mtandao. Duara likazunguka, likazunguka, na hakuna kilichoandikika.

"Uzuri wa mkakasi," akasema, akauchomeka waya tena.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, maandishi madogo, haina hata ua. Lakini muuguzi wa bondeni aliweza kuandika matumizi kwenye simu yake, akapiga picha risiti, akaendelea kupima watoto uzito. Mtandao ukirudi, simu inatuma yenyewe.

"Haya, tumchukue huyu asiyepambwa," mkuu wa fedha akasema. "Lakini kwanza tumjaribu."

Programu ile ilikuwa na vyumba viwili vinavyofanana kama pacha: chumba cha kazi na chumba cha mazoezi. Tofauti yake ilikuwa neno moja dogo pembeni juu: MAZOEZI. Humo ndimo wote walimojifunza, wakiandika yale yale wanayoandika kila siku, sabuni, glavu, nauli, hata jicho likazoea, likaacha kulisoma lile neno.

Siku moja ikaja safari ya chanjo ya bondeni, na gari lilihitaji mafuta. Mama Senti, kwa furaha yake, akaona oda ipite kwenye programu mpya. Akaandika. Mtunza stoo akabonyeza, muuguzi mkuu akabonyeza, mkuu wa fedha akabonyeza. Alama za kijani zikajipanga, na chai yake mezani ilikuwa bado ya moto. Enzi za makaratasi, sahihi zile zingemla siku nzima.

Asubuhi dereva akarudi kutoka kituo cha mafuta, tangi tupu.

"Dada, leo umeniaibisha. Mwenye kituo anasema hajaona oda. Nimemwambia imepita kwa vidole vya wakubwa wote. Kaniambia basi nikavitie hivyo vidole kwenye tangi."

"Haiwezekani. Njoo uone." Akafungua kompyuta. Alama za kijani zote zilikuwapo, zinameremeta. Kisha macho yake yakapanda pembeni juu, kwenye lile neno dogo.

Chanjo zilikwisha pakiwa na barafu kwenye masanduku ya baridi. Bondeni akina mama walikwisha ambiwa waje. Mama Senti hakuzunguka; alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa fedha.

"Bosi, ni mimi. Oda ya kweli nimeiandika mazoezini, haikwenda popote. Mafuta yenyewe ni ya ndotoni."

Bosi akatazama kioo cha kompyuta, akavua miwani. "Na mimi nimeidhinisha?"

"Umeidhinisha, bosi."

"Tena nilifurahi."

Wakaandika oda kwa mkono, muhuri ukagongwa, na dereva akaondoka akiwaachia vumbi. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali alipofika, lakini muuguzi wa bondeni alipiga simu kusema barafu imeshika na hakuna mama aliyeondoka. Mama Senti akashusha mabega. Akayapandisha tena bosi alipomwita ndani.

"Mama Senti, tuiache kwanza hii programu. Tubaki na majedwali yetu mpaka mwakani. Leo mafuta, kesho dawa."

Mpaka mwakani! Kibibi atakuwa anaimba, nyimbo ambazo mama yake hajazisikia.

"Bosi, kosa moja haliachi mke."

"Sijaioa mimi."

"Umeichumbia mbele ya watu."

Bosi akacheka bila kupenda. Mama Senti akaona upenyo, akapita.

"Programu haikutudanganya. Sisi tulifanya mazoezi kwa vitu vya kweli, ndiyo maana hatukujua tupo chumba gani. Tufanye mazoezi kwa upuuzi. Mtu akiona upuuzi, ajue yupo mazoezini. Akiona mafuta, ajue gari linasubiri."

"Upuuzi gani?"

"Wowote. Watu hawa wanao mwingi."

Bosi akaipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Mafuta yakipotea tena, narudi kwenye majedwali."

Hapo ndipo sheria ilipozaliwa: mazoezini ni marufuku kuandika jambo la kweli. Mtunza stoo akaagiza tembo wa dharura. Muuguzi wa bondeni akaomba godoro la kulalia saa za kazi. Dereva, ambaye hata programu haimhusu, akaagiziwa ndege. Bosi akaikataa, sababu: hakuna maegesho. Waliokuwa wakiiogopa kompyuta walianza kuifungua wenyewe ili waone nani kaagiza nini.

"Tembo analipiwa na mfadhili yupi?" Mama Senti akawauliza mkutanoni.

"Wa usafiri," akasema mtunza stoo.

"Wa lishe," akasema dereva. "Huyo akifika bondeni hatarudi mzima."

Wakabishana mpaka chai ikapoa, na katika kubishana huko wakaelewa kwa nini glavu haziwezi kununuliwa kwa pesa ya mafuta. Oda ya kweli haikupotea tena.

Mwisho wa mwezi risiti za bondeni ziliingia zenyewe, picha na tarakimu, bila mbwa. Senti ilipotea, kama kawaida yake; Mama Senti akaipata, akavuta pumzi, akafunga hesabu. Bosi akapita mlangoni, akaona mkoba wake u begani. Akamwonyesha dole gumba.

Nyumbani mama mkwe alikuwa kibarazani akikunja nguo. Alipomwona akaacha shati hewani.

"Kulikoni? Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nimemaliza."

"Na mwisho wa mwezi huu?"

"Nimemaliza, mama."

Mama mkwe akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akimtafuta uongo. Hakuuona. "Basi shika mwanao. Mgongo wangu umekuwa ubao."

Kibibi alikuwa ameketi ndani ya beseni, akiligonga kwa kikombe. Akamtazama mama yake kidogo tu, akampa kikombe, akamnyang'anya, akaendelea kugonga. Hakushangaa hata chembe, kana kwamba siku zote mama hurudi jua likiwa bado lipo. Mama Senti akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya beseni, akawa anapewa kikombe na kunyang'anywa, anapewa na kunyang'anywa, na jua likizama taratibu zake.