Stesheni Isiyonyeshewa Mvua

Harufu ya misumari iliyolowekwa kwenye maji ya ndimu haifanani na nyingine. Ni kali na chachu, na nyuma yake kuna kitu kama damu ya ulimi uliojiuma. Juzi, hapa Koboko, nilifungua sanduku la marehemu mjomba wangu nikakuta chupa ndogo iliyozibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kabla sijaona kilichomo, pua yangu ilishajua. Ilikuwa kutu yetu, tuliyoitengeneza pamoja nikiwa na miaka kumi.

Ngoja nikueleze inavyotengenezwa, maana hata wewe unaiweza. Chukua misumari mizee, itie ndimu na chumvi kidogo, iache juani siku nne au tano. Maji yakiwa mekundu kama chai isiyo na maziwa, yako tayari. Usiharakishe. Ukiharakisha utapata maji ya njano, na kutu ya njano haimdanganyi mtu.

Mjomba Ramadhani, kaka yake mama, alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi Pakwach, kando ya Nile, ambako reli ilikomea. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni na kupunga bendera ya kijani. Treni zilipoacha kuja, mkubwa wake alimwambia aende nyumbani, ataitwa. Akaja Arua, akapanga chumba karibu nasi pale Onduparaka, akaanza kungoja. Mama alimpatia kazi ya kulinda duka, akaikataa. Rafiki yake alimtaka washirikiane kununua tumbaku kule Omugo, akakataa pia. Angefungaje ahadi na watu, na kesho huenda akaitwa?

Katika kungoja huko ndipo alipojenga reli yake. Alilaza mlango mkuukuu juu ya mapipa mawili, chumba chote kikajaa, hata kitanda ilibidi akiegeshe ukutani mchana. Reli zilikuwa njiti za miavuli iliyokufa. Mataruma, zile mbao za chini ya reli, yalikuwa vijiti vya kiberiti. Mabati ya paa tuliyatoa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za sigara: unaiweka juu ya kitana, unaisugua kwa kucha polepole, nayo inapata mikunjo kama bati la kweli. Nilizipasua nyingi kabla ya kupata moja nzuri. Hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa akisema tu, "Mkono itajua. Wewe iache ijue."

Nyumba ikishasimama, tuliizeesha. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Masizi ya sufuria kwa moshi wa injini, vumbi jekundu la barabara ya Koboko kwa kuta za chini, na kutu kwa mabati. Mjomba alikuwa na sheria moja: kabla ya kuweka doa, uliza mvua ilipitia wapi. Kutu huanzia kwenye kichwa cha msumari, ikashuka. Tope huruka kutoka chini, likakomea kiasi cha goti. Doa lisilo na mvua yake, alisema, ni uongo.

Tuliizeesha Pakwach yote, nguzo kwa nguzo. Kutoka Pakwach reli yake iliendelea mahali ambapo reli ya kweli haijawahi kufika: ikapanda mpaka Arua, halafu Koboko, alikozaliwa yeye na mama. Koboko hakukuwa na jengo bado, ila kokoto nne zilizoonyesha pembe zake. Lakini stesheni ya Arua ilikuwapo, kuta zake za karatasi ngumu zikiwa nyeupe kwa chokaa, paa likimeta, na benchi dogo la abiria mbele. Hiyo peke yake hatukuizeesha. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani zamu yake haijafika.

Jioni vijana waliokuwa wakirudi kutoka mpirani walichungulia dirishani. "Stesheni Masta, treni ya leo nafika saa ngapi?"

Naye, bila kuinua kichwa, "Nachelewa kidogo."

Walicheka, naye alicheka nao. Mama peke yake hakucheka. Siku moja aliweka sahani ya muhogo kwenye kona ya mlango ule, mahali pekee palipokuwa wazi, akamwambia, "Ndugu yangu, ile treni ilikufa. Wewe ndiyo iko hai." Mjomba alisogeza sahani ili isiguse reli, akala.

Ndipo habari zikaja kwamba wakubwa wa reli watafika Arua kuzungumza na wananchi. Mjomba alifua shati lake la kazi, akalipiga pasi hadi likang'aa mgongoni. Aliamua kwamba atawapelekea stesheni ya Arua waione, waone mahali pazuri pa kuijenga, na waone kwamba mtu wao bado yupo. Asubuhi ya siku hiyo alikwenda kwa kinyozi.

Mimi nikabaki na ile nyumba nyeupe. Nikaionea haya, kama mtoto anayepelekwa shule bila viatu. Itaendaje mbele ya wakubwa haijamalizika? Nikatoa chupa. Nilifanya kila kitu alivyonifundisha: msumari kwa msumari chini ya mabati, tope hadi kiasi cha goti, masizi pale ambapo injini ingesimama, hata benchi nikalichakaza katikati, mahali ambapo watu wangekaa zaidi. Haikuwahi kutoka kazi safi namna ile mikononi mwangu.

Mjomba aliporudi, kichwa chake kikinukia spiriti ya kinyozi, aliinama akaitazama stesheni.

"Hii bado kufika," alisema. "Wewe naizeesha namna gani?"

Hakuwa na hasira. Alichukua kitambaa kibichi akajaribu kufuta, lakini kutu ikishaingia kwenye karatasi haitoki, na ukuta ulianza kuvimba. Akaacha. Aliiweka stesheni kwenye sinia, tukaenda nayo hivyo hivyo, mimi nikimshikia bendera.

Baada ya hotuba alifaulu kumfikia mkubwa mmoja. Yule bwana aliinama, akaitazama kwa furaha ya kweli, akamwita mwenzake aje kuona.

"Mzee, una mkono. Hii stesheni ya zamani ilikuwa wapi?"

"Arua," alisema mjomba.

Yule bwana alitabasamu kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi. "Arua haikuwahi kuwa na stesheni, mzee."

Nilingoja mjomba aeleze. Alikuwa amejiandaa siku tatu, mimi mwenyewe nilimsikia akijisemea maneno yale huku akipiga pasi. Alitazama kutu chini ya mabati, kazi yangu nzuri, akasema, "Ni kweli. Haikuwa nayo." Akafunika sinia kwa bendera, tukarudi nyumbani.

Vijana walipopita jioni hiyo na swali lao, aliinuka akafunga dirisha.

Hakuitwa. Aliishi miaka mingi baadaye, mwisho wake hapa Koboko kwa mama, na mlango wake wenye reli ukija naye. Hakuongeza hata kijiti kimoja. Kwa muda mrefu niliamini nilimharibia siku yake kwa sababu nilichafua kitu kisafi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba nilivunja sheria yake ile moja. Niliweka madoa ambayo hayakuwa na mvua. Alijua tangu zamani kwamba stesheni ile haitanyeshewa, na kuiacha nyeupe ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kutojua.

Juzi binti yangu alinikuta nimekaa mbele ya ule mlango, chupa mkononi. Akazionyesha zile kokoto nne mwishoni mwa reli, akauliza ni za nini.

"Nyumba ingejengwa hapo," nikamwambia.

"Itajengwa lini?"

Neno la mjomba, lile "bado", lilinijia mdomoni. Nikalimeza.

"Haitajengwa, mama."

Akafikiri kidogo, akaokota kokoto zote nne, akatoka nje kuzichezea. Sikumzuia.