Gunzi Mdomoni mwa Birika

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Makambako yaliyokuwa na chumvi na miche miwili ya sabuni tu yalifurika bidhaa mpaka milangoni, nami nikapandwa na kichaa cha kuchora. Baba alikuwa amenipa msimu mmoja tu: nikikosa kazi ya rangi, narudi Mdandu kulima viazi. Viazi sivipendi hata leo, hata vikikaangwa.

Mfanyabiashara mmoja wa Lyamkena, mtu wa Tanga, akanipa ukuta wa duka lake nichore birika. Birika! Nusura nimkumbatie. Sikuomba hata la kutazamia. Nilichora la nyumbani kwa mama, nililolijua tangu sijaota meno: tumbo bonge, mkono wa mbao, na gunzi la mahindi mdomoni. Kwetu kila birika lina gunzi, la kuzuia mende na kutunza joto. Sikuwahi kufikiri kwamba kiwandani halitoki nalo.

Tajiri alitoka, akatazama, akalipuka. "Nauza mali mpya, wewe unaniwekea gunzi! Alasiri ukuta uwe mweupe, nawe uwe umekwenda zako!"

Nilikoroga chokaa. Niliviona viazi kabisa, tuta kwa tuta.

Ndipo akatokea mama, aliyekuja gulioni kuuza viazi na kununua, bahati iliyoje, birika. Alipouona ukuta alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Kamwene, baba," akamsalimu tajiri. "Birika langu limefikaje huku?"

Akatumiminia togwa kutoka kwenye dumu lake dogo, mimi na tajiri, mpaka ikaisha. Tajiri akanywa, hasira ikampungua kidogo. Mama akachagua birika linalong'aa kuliko yote, akalipia, akaligeuza huku na huku. Halafu, bila kuwaza, akachukua gunzi lililokuwa limeziba dumu, akalichomeka mdomoni mwa birika jipya.

Tajiri akatazama birika, akatazama ukuta. Wanawake wawili waliokuwa nyuma ya mama wakasema nao wanataka kama lile la ukutani.

"Mwaga hiyo chokaa," tajiri akaniambia. "Kesho chora sufuria. Lakini kwanza mwulize mama, huko kwenu sufuria inafunikwa na nini."