Gamba la Kobe wa Baba Mdogo

Kobe wa baba mdogo alitugharimu majogoo wawili, sufuria ya mama iliyoungua maji ya chumvi yalipokaukia jikoni, na salamu kati ya mama na shemeji yake, ambazo hazijarudi hadi leo. Nimehesabu mara mbili, jumla haibadiliki. Jambo lenyewe lilianza na harufu. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu wa Songea unakaa uani mpaka jua lipande, na banda la kuku nyuma ya nyumba yetu pale Mfaranyaki lilinuka kama dagaa waliosahaulika kwenye mfuko. Mama alidhani kuku amefia pembeni. Niliwahesabu, nikarudia, walikuwepo wote. Aliyekuwa anaoza ni kobe, tena angali hai.

Baba mdogo Longinus ndiye aliyemleta kutoka Namtumbo, alikomwokota kwenye shamba la tumbaku. Kwetu wengi waliamini kwamba kobe akilala bandani, mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima, hauingii. Ili mlinzi asitoroke, baba mdogo alipasha msumari motoni, akatoboa ukingo wa gamba upande wa nyuma, akapitisha kamba ya katani na kumfunga kwenye nguzo. Kobe alivuta kichwa ndani, akatoa pumzi ndefu kama mpira wa baiskeli uliochomwa mwiba. "Gamba ni ukuta tu," baba mdogo akanifundisha. "Ukipigilia msumari ukutani, nyumba inalia?" Alikuwa mtu ambaye ukimpa jibu anakudai lingine.

Kamba ikalila tundu, tundu likaingiwa na matope na kinyesi, kobe akaacha kula hata maua ya maboga. Kuku aliowekwa awalinde wakawa wanamdonoa palepale penye kidonda. Mama akakata kamba kwa kisu cha jikoni, akamfunga mgonjwa kwenye kanga, mimi nikambeba hadi Majengo. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, kila mwenye chumba cha mbele alifungua duka. Bwana mifugo mmoja aliyeacha kazi ya serikali naye alikuwa na lake, na ushauri aliokuwa akiutoa bure sasa ulikaa rafuni pamoja na chupa.

"Nina bei ya ng'ombe, ya mbwa na ya kuku," alisema. "Kobe hayumo."

"Mtie kwa kuku," mama akasema. "Anataga."

"Ana miguu minne, mama. Huyo namhesabu mbwa."

"Mbwa gani habweki? Amekung'ata hapo?"

Alitaka majogoo watatu, wakakubaliana wawili. Kisha akakwangua uozo kwa wembe, na kobe akapiga miguu yote minne hewani. "Mnaona? Gamba ni mfupa," akasema. "Limeungana na uti wa mgongo. Lina damu, linauma." Akatuagiza tuoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tupake ayodini, tumlaze kwenye gunia kavu, tumwanike juani, na tusimrudishe kwa kuku.

Jumapili baada ya misa baba mdogo alikuta nguzo tupu.

"Nani kakupa ruhusa ya kutibu mali yangu?"

"Aliyekupa wewe ruhusa ya kuitoboa," mama akajibu.

"Kuku wakifa, shemeji, usinitumie mtu."

"Wakifa nitakutumia manyoya."

Baba, kaka yake, aliendelea kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Kuku hawakufa. Mimi niliosha na kupaka kila asubuhi, na mvua zilipoanza kidonda kilikuwa kimekauka, ukingo wa tundu umeota weupe mgumu, kobe anakula maboga yenyewe. Ndipo mjini wakapita wanunuzi wa kobe wa kupeleka nje ya nchi. Baba mdogo alikuja na gunia mama akiwa sokoni, akamtia kobe ndani. Nililing'ang'ania. "Kobe wa nani?" akaniuliza. Nikasema wake. "Na dawa je?" nikamuuliza. Akacheka, akalitupa gunia begani. "Mdai kobe."

Siku hizi kuku wanadondoshewa chanjo jichoni, na ukimfuga kobe bila kibali watu wa wanyamapori watakutembelea. Mimi nina meza yangu sokoni, na sinunui kitu bila kukigeuza chini juu. Lakini kila harusi ya ukoo wetu baba mdogo anasimulia jinsi yeye alivyomponya kobe, anataja hadi ayodini, na vijana wanampigia makofi. Mama, ambaye sasa amezeeka, anasikiliza huku akitenganisha mifupa ya samaki. Kwa hiyo, baba mdogo, kama kuna mjukuu anakusomea haya: majogoo nimekusamehe, sufuria nimekusamehe. Deni lililobaki ni dogo. Njoo kwa mama, keti mbele yake, mwambie kwamba ulitoboa kitu kinachouma.