Dativa Alitaka Kamera Imtazame Yeye

Soko la Muleba limechangamka na Dativa Lwakatare ameinamia beseni la senene. Ananyonyoa mbawa, anang'oa miguu, anatupia kwenye karai, mdomo nao haupumziki.

"Kunyonyoa ninyonyoe mimi, sahani ya kwanza apewe yeye," anasema, wala hacheki.

"Yeye" ni mdogo wake, Onesphory, aliyeanza kuugua akili alipomaliza sekondari. Senene hawa ndio wanaolisha nyumba na kulipa nauli ya kliniki. Lakini mgeni akifika, huuliza hali ya Onesphory tu.

"Namwonea wivu, nisikudanganye. Mgonjwa anapendwa, mzima anatumwa."

Mwaka jana Elieth, mtengeneza filamu wa Bukoba, alifika kwao na wazo geni. Asingepiga picha yeye. Aliwapa ndugu hao simu mbili, kila mmoja amrekodi mwenzake katika maisha ya kila siku.

Dativa akaona zamu yake imefika. Akawa anamenya ndizi amevaa kitenge cha Jumapili, amejipaka mafuta usoni, anageukia simu kama bibi harusi.

Siku ya kutazama walikaa sebuleni na mama yao, Ma Kokushubila. Picha za Onesphory zilikuwa za aina moja: mgongo wa Dativa, beseni kichwani, akipotelea migombani. Kisha migomba mitupu, kwa muda mrefu.

Dativa akaja juu. "Uso wangu uko wapi? Filamu hii haionyeshwi popote!"

"Uso unaondoka nao, dada," Onesphory akamjibu. "Wewe unakwenda Muleba, unarudi na habari za watu. Mimi nabaki na mama. Waitu, jamani, nakuonea wivu."

Dativa aliumia, anakiri, maana hata wivu alidhani ni mali yake peke yake.

Sasa amekubali filamu ionyeshwe katika ukumbi wa parokia. Tena wiki ijayo anataka kuja na Onesphory sokoni, wauze pamoja. Mama hataki, anaogopa mwanawe atachekwa.

"Atachekwa, na mimi nitachekwa. Tutazoea," anasema Dativa.

Anatikisa karai, anawaza kidogo.

"Ila wateja wakianza kumpenda kuliko mimi, namrudisha kwa mama jioni hiyohiyo."